Mwongozo kamili wa kuhudhuria Akwasidae, sikukuu ya Waasante mjini Kumasi

Msafiri anayekwenda Ghana kwa ajili ya utamaduni kwa kawaida hununua tiketi kwanza, kisha akishafika ndipo huuliza kuna sherehe gani wiki hiyo. Matokeo yake ni kwamba wengi hurudi wakiwa wameona masoko na ngome za pwani, lakini hawajamwona mfalme wa Waasante ameketi chini ya mwamvuli wake, wala hawajasikia pembe zake zikilia. Katika nchi ya Asante siku ndiyo inayotangulia, na chakula kinachopikwa, nguo inayovaliwa, ngoma inayopigwa na hata jina la mtoto hufuata siku hiyo. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na kalenda, unapita kwa haraka katika mambo ya safari, unakaa kwa muda mrefu uani mwa kasri na kwenye vijiji vya mafundi, na unamalizikia jikoni.

Hatua ya kwanza: hesabu siku kabla ya kununua tiketi

Waakan, ambao Waasante ni sehemu yao, wana mzunguko wa siku unaoitwa adaduanan. Neno hilo lina maana ya siku arobaini, lakini ukihesabu kwa namna yetu ya kawaida utapata siku 42. Idadi hiyo inatokana na wiki mbili zinazokwenda sambamba, yaani wiki ya siku saba tunayoijua sote na wiki ya kale ya siku sita, na kila jozi ya siku hurudi baada ya sita mara saba. Ndani ya mzunguko huo kuna siku mbili kuu za kuwakumbuka wafalme waliotangulia: Akwasidae, ambayo huangukia Jumapili, na Awukudae, ambayo huangukia Jumatano. Kwa mgeni Akwasidae ndiyo yenye mengi ya kuona, kwa kuwa baada ya ibada za ndani mfalme hutoka hadharani.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Tafuta tarehe moja ya Akwasidae iliyothibitishwa na Manhyia, kasri la mfalme wa Waasante lililoko Kumasi, au na ofisi ya utalii ya Ghana, kisha ongeza siku 42, yaani wiki sita kamili, na uendelee hivyo mpaka ufikie mwezi unaoweza kusafiri. Utaona kwamba sikukuu hii huja mara nane au tisa kwa mwaka na kwamba tarehe zake hazilingani mwaka hadi mwaka, kwa hiyo orodha ya mwaka jana haitakufaa. Akwasidae inayofunga mwaka wa Waasante huitwa Akwasidaekese, yaani Akwasidae kubwa, na umati wake ni mkubwa kuliko wa nyingine zote. Hata baada ya kuhesabu, thibitisha tena tarehe wiki mbili kabla ya kuondoka.

Ikiwa likizo yako haiwezi kusogezwa, zipo sikukuu nyingine zenye majira maalumu. Huko Winneba, Jumamosi ya kwanza ya Mei, makundi mawili ya asafo (vikosi vya kijadi vya wapiganaji), Tuafo na Dentsifo, hushindana kumkamata swala akiwa hai kwa mikono mitupu katika sikukuu ya Aboakyer. Cape Coast huadhimisha Fetu Afahye Jumamosi ya kwanza ya Septemba, na Waewe wa Anlo hukutana Anloga Jumamosi ya kwanza ya Novemba kwa ajili ya Hogbetsotso, wakikumbuka jinsi wazee wao walivyotoka Notsie, mji ulioko Togo ya leo. Wagaa wa Accra wana Homowo, na jina hilo lina maana ya kuizomea njaa. Kilele chake huwa mwezi wa Agosti, ambapo machifu hunyunyiza ardhini kpokpoi, chakula cha mahindi yaliyochachushwa na kuchanganywa na mafuta ya mawese. Lakini mgeni wa Accra anapaswa kujua kwamba majuma kadhaa kabla ya hapo, kuanzia Mei au Juni, hutangazwa marufuku ya ngoma na kelele kwa takribani mwezi mmoja, ili mahindi yaliyopandwa na makuhani yakue kwa utulivu. Anayepanga kusikiliza ngoma Accra katika kipindi hicho atakuta mji uko kimya, na inampasa aiheshimu amri hiyo kama wenyeji wanavyoiheshimu.

Hatua ya pili: hati, njia na fedha

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni lazima, na dawa za kinga ya malaria zinafaa kuandaliwa mapema kwa ushauri wa daktari. Masharti ya viza kwa wenye pasipoti za nchi za Afrika yamekuwa yakibadilika, basi uliza ubalozi wa Ghana ulio karibu nawe kabla ya kulipia chochote. Nauli na bidhaa hulipwa kwa sidi, na sidi moja ina pesewa mia. Saa za Ghana ziko nyuma ya saa za Nairobi na Dar es Salaam kwa saa tatu.

Kutoka Accra hadi Kumasi ni takribani kilomita 250. Mabasi makubwa hutumia kama saa tano au sita, na zaidi pale msongamano unapozidi, ilhali ndege hutumia chini ya saa moja. Fika Kumasi Ijumaa. Anayepanga kufika Jumapili asubuhi kwa basi la usiku atakuwa amechoka, hajapata nguo ifaayo, na hatakuwa na mtu wa kumwelekeza.

Hatua ya tatu: lijue jina lako la siku na salamu chache

Katika pwani yetu watu wengi huitwa Juma au Khamisi kwa sababu ya siku ya kuzaliwa kwao. Kwa Waakan jambo hilo ni kanuni inayomhusu kila mtu. Mwanamume aliyezaliwa Jumapili ni Kwasi na mwanamke ni Akosua. Jumatatu ni Kwadwo na Adwoa. Jumanne ni Kwabena na Abena. Jumatano ni Kwaku na Akua. Alhamisi ni Yaw na Yaa. Ijumaa ni Kofi na Afua. Jumamosi ni Kwame na Ama. Ukilijua hilo utaelewa mara moja kwamba Kwame Nkrumah alizaliwa Jumamosi na Kofi Annan Ijumaa. Hata Kigoda cha Dhahabu cha Waasante, ambacho masimulizi yanasema kuhani Okomfo Anokye alikiteremsha kutoka mbinguni mbele ya mfalme Osei Tutu wa kwanza, kinaitwa Sika Dwa Kofi, yaani kigoda cha dhahabu kilichozaliwa Ijumaa. Tafuta siku yako kwenye kalenda ya simu kabla ya kuondoka nyumbani, kwa sababu utaulizwa, na ukijibu kwa jina lako la Kiakan mazungumzo huanza kwa uchangamfu.

Kwa Kitwi, lugha ya Waasante, asubuhi husemwa maakye, mchana maaha, jioni maadwo, na shukrani ni medaase. Kila kitu hutolewa na kupokelewa kwa mkono wa kulia, jambo ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa. Lililo geni kwetu ni utaratibu wa kusalimia watu walioketi kwa safu: utaanza na aliye kuliani kwako na kwenda hadi wa mwisho kushotoni, bila kumruka mtu ili kumfikia unayemjua.

Hatua ya nne: Jumamosi ya maandalizi na Jumapili ya kasri

Jumamosi inayotangulia huitwa Dapaa, na ni siku ya kufagia, kuchota maji, kukusanya vyakula na kuandaa nyumba, na jioni ngoma hutangaza kuwa Adae, yaani siku ya kuwakumbuka wafalme, imewadia. Tumia siku hiyo kuzuru jumba la makumbusho lililo ndani ya Manhyia, kwenye nyumba iliyojengwa mwaka 1925 kwa ajili ya Prempeh wa kwanza. Waingereza walimkamata mfalme huyo mwaka 1896, na mwaka 1900 wakampeleka Shelisheli, katika Bahari ya Hindi iliyo jirani nasi. Mwaka huohuo Waasante walipigana chini ya Yaa Asantewaa, malkia mama wa Ejisu, kukilinda Kigoda cha Dhahabu dhidi ya gavana wa Kiingereza aliyekidai akalie. Yaa Asantewaa alifia uhamishoni hukohuko Shelisheli mwaka 1921, na Prempeh alirudi Kumasi mwaka 1924. Mwaka 2024 majumba mawili ya makumbusho ya London, British Museum na Victoria and Albert Museum, yalileta hapa vitu 32 vya kifalme, na vingi kati yake vilikuwa vimeporwa katika vita vya karne ya 19. Vililetwa kwa mkopo, si kwa kurudishwa, na naona kila Mwafrika anayefika hapo ana haki ya kuliuliza neno hilo.

Jumapili asubuhi sehemu ya kwanza ya ibada haionekani na wageni, na usijaribu kuiona. Mfalme huingia katika chumba cha vigoda vilivyotiwa weusi vya wafalme waliofariki, navyo hupewa kinywaji, nyama ya kondoo na eto, ambayo ni viazi vikuu au ndizi zilizopondwa. Kinachofuata ni cha wote. Fika uani saa tatu au saa nne asubuhi ili upate mahali pa kukaa, kwa sababu kivuli ni kichache na jua ni kali.

Kuhusu mavazi, chagua nguo yenye rangi ya furaha. Nyekundu na nyeusi ni rangi za msiba kwa Waasante, kwa hiyo suruali nyeusi na shati jekundu vitakufanya uonekane umetoka mazishini. Kitenge chenye heshima kinafaa kabisa. Vua kofia ya jua mfalme anapopita, usikunje nne mbele ya machifu, na usivuke eneo lililo wazi mbele ya mfalme hata kwa ajili ya picha. Utaona wenyeji wanaokwenda kumsalimu wakivua makubadhi na kuishusha nguo begani. Kufanya hivyo ni alama ya kujishusha mbele ya mkubwa.

Mpangilio wa uani ni wa kusomwa kama ukurasa. Mfalme, ambaye tangu 1999 ni Otumfuo Osei Tutu wa pili, huketi chini ya mwamvuli mkubwa wa kitambaa unaochezeshwa juu na chini ili kumpepea. Mbele yake huketi wasemaji wake, akyeame, wameshika fimbo zenye sanamu za dhahabu juu yake, na kila sanamu ni methali. Hakuna anayezungumza na mfalme moja kwa moja katika hadhara hiyo, kwa kuwa neno hupitia kwa msemaji kwenda na kurudi. Ukiwa na zawadi, wasilisha kupitia maofisa wa kasri, na desturi ni chupa ya pombe kali iitwayo jini (gin). Sikiliza kwa makini pembe za ndovu zinazopulizwa kutoka ubavuni, kama siwa ya Lamu inavyopulizwa. Sikiliza pia ngoma mbili za atumpan, zinazotamka majina ya sifa ya wafalme kwa kufuata toni za Kitwi, na fontomfrom, ngoma ndefu za kimo cha mtu. Wanaocheza adowa husema kwa mikono, na mzee aliyeketi karibu nawe akiona unaangalia kwa adabu, aghalabu atakueleza maana ya mikono hiyo bila kuombwa.

Hatua ya tano: siku mbili katika vijiji vya mafundi

Jumatatu nenda Bonwire, kijiji cha kente, nguo ya Waasante inayofumwa kwa tepe, kilichoko takribani kilomita 18 kutoka Kumasi. Masimulizi ya hapo yanasema watu wawili, Ota Karaban na Kwaku Ameyaw, walijifunza kufuma kwa kumtazama buibui akitanda utando wake. Ufundi huu uliingizwa na UNESCO mwaka 2024 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Keti na mfumaji angalau saa nzima kabla ya kuzungumzia bei. Mtande umevutwa mbali mbele yake na kulemewa na jiwe kwenye kigari cha mbao kinachoburutika kidogo kidogo, vidole vya miguu hubadilisha nyuzi kwa kamba, na mkono hurusha mshindio kutoka upande hadi upande. Kinachotoka ni utepe mwembamba wenye upana wa kiganja, na nguo kamili ya mwanamume hushonwa kwa tepe ishirini na kitu zilizowekwa ubavu kwa ubavu. Baada ya kuona kazi hiyo, hutashangaa kwa nini nguo moja huchukua majuma au miezi.

Uliza jina la kila nakshi. Mswahili aliyezoea kuuliza jina la kanga kabla ya kuinunua ataelewa haraka, kwa sababu kente nayo haiuzwi bila jina. Adweneasa ni nakshi iliyojaza kila nafasi, na jina lake linamaanisha kwamba ubunifu wa fundi umefika mwisho. Nakshi nyingine iliitwa Fathia fata Nkrumah, yaani Fathia anamfaa Nkrumah, kwa heshima ya mwanamke wa Misri aliyeolewa na Kwame Nkrumah mwaka 1957. Nkrumah alipopinduliwa mwaka 1966, nakshi hiyohiyo ikaanza kuitwa Obaakofo mmu man, mtu mmoja hatawali nchi. Nyuzi hazikuguswa, jina likabeba siasa yote.

Wakati wa kununua, geuza nguo. Kente iliyofumwa ina nakshi pande zote mbili na mishono kati ya tepe, ilhali kitambaa kilichochapwa kiwandani huwa hafifu upande wa nyuma na hakina mishono. Kilichochapwa si kibaya kwa matumizi ya kila siku, lakini kisiuzwe kwako kwa bei ya kilichofumwa. Kama fedha ni chache, nunua utepe mmoja au miwili ya kuvaa mabegani, badala ya kumbana fundi apunguze nguo nzima hadi apate hasara. Ukiisha kuinunua, usiichemshe wala kuitia mashine. Ianike kivulini na uikunje kwa kufuata mishono.

Siku ya pili fuata barabara ya Mampong. Ahwiaa ni kijiji cha wachongaji, na hapo utaona vigoda na vinyago vya akuaba (vya kuombea uzazi) vikitoka kwenye gogo. Saa moja inatosha, isipokuwa kama unataka kuagiza kigoda. Mbele zaidi ni Ntonso, nyumbani kwa adinkra, nguo inayopigwa mihuri ya alama zenye maana, na hapa shika kazi mwenyewe. Magome ya mti uitwao badie hulowekwa, hutwangwa kinuni, huchemshwa, huchujwa, kisha maji yake huchemshwa tena kwa saa nyingi mpaka yawe wino mzito mweusi. Mihuri huchongwa kwenye kipande cha kibuyu na kufungiwa kishikio cha vijiti. Fundi atakuonyesha kwanza kupiga mistari kwa kitana cha mbao, kisha utachovya muhuri, utauondolea wino uliozidi na kuubingirisha juu ya nguo bila kuuburuta. Chagua alama kwa maana yake: Gye Nyame husema hakuna kama Mungu, na Sankofa, ndege aliyegeuza shingo nyuma, humruhusu mtu kurudi kuchukua alichosahau. Utaambiwa kwamba ufundi huu ulitekwa kutoka kwa mfalme Adinkra wa Gyaman aliyeshindwa vitani mwaka 1818. Ni hadithi nzuri, lakini British Museum ina nguo ya adinkra iliyochukuliwa Kumasi mwaka 1817, kwa hiyo asili ya ufundi lazima iwe ya zamani zaidi.

Hatua ya sita: kula kwa utaratibu, kisha kupika nyumbani

Asubuhi kula waakye, wali na kunde vilivyopikwa pamoja na majani makavu ya mtama yanayoupa rangi ya kahawia nyekundu. Mchana jaribu banku au kenkey, vyote vya unga wa mahindi uliochachushwa, pamoja na samaki na shito, pilipili nyeusi iliyokaangwa na dagaa na kamba wakavu. Mla ugali atajiona yuko nyumbani, isipokuwa uchachu utamshtua siku ya kwanza. Jioni nunua kelewele, ndizi mbivu zilizokaangwa na tangawizi na pilipili. Lakini chakula cha Mwasante ni fufu, na mlo wa kujifunza ni fufu na abenkwan, mchuzi wa chikichi.

Msomaji wa Kigoma, Burundi au mashariki mwa Kongo ana kila kitu karibu naye. Kwa watu watano andaa kilo moja ya chikichi mbivu, nusu kilo ya nyama ya mbuzi, samaki mmoja mkubwa wa moshi, vitunguu viwili, nyanya tatu, tangawizi, pilipili, nyanya chungu kadhaa na bamia. Mafuta ya mawese peke yake hayatatosha, kwa kuwa uzito wa mchuzi unatoka kwenye nyama ya tunda. Asiye na matunda atumie rojo ya chikichi ya makopo.

Chemsha chikichi mpaka ganda lilainike, kama dakika arobaini. Mwaga maji, zitwange kinuni taratibu bila kuvunja kokwa, ongeza maji ya uvuguvugu, kamua na uchuje mpaka nyuzi na kokwa zibaki kavu. Katika sufuria nyingine chemsha nyama na kitunguu, tangawizi na chumvi, huku nyanya, pilipili na nyanya chungu zikiiva humohumo. Zitoe zikilainika, zisage na uzirudishe. Mimina tui la chikichi juu yake, na uache vichemke bila kufunika kwa saa moja hivi. Tia samaki na bamia katika robo saa ya mwisho.

Wakati mchuzi unachemka, menya kilo moja ya muhogo mtamu na ndizi mzuzu mbichi tatu. Muhogo mchungu usitumike hata kidogo, kwa sababu una sumu isiyotoka kwa kuchemsha tu. Viive pamoja, toa uzi wa katikati ya muhogo, kisha twanga ndizi kwanza na uiweke kando. Twanga muhogo mpaka uvutike, ndipo uchanganye. Kazi hii ni ya watu wawili: mmoja ameshika mchi, mwingine amekaa kando ya kinu na hugeuza donge kwa mkono uliolowa kila mchi unapopanda. Waanze polepole na wakubaliane mwendo, kwa usalama wa vidole. Fufu iko tayari inapokuwa laini, haina vidonge, na inang'aa.

Mchuzi nao utajulikana umeiva mafuta mekundu yakijitenga na kuelea juu. Finyanga fufu iwe donge la mviringo, iweke katika bakuli la udongo, na umwagie mchuzi pembeni ili juu pabaki peupe. Nawa mkono wa kulia, kata kipande kidogo kwa vidole, kichovye, na ukimeze bila kutafuna. Meno yaachie nyama.